Kabla hujamwita mtoto mtundu, mjue Jean Ayres

Acha nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka juzi, Jumamosi moja asubuhi, dadangu alinituma nimpeleke mwanawe kunyolewa. Kijana alikuwa na miaka sita. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na agizo ni lile lile la kila muhula, nywele ziwe fupi. Tulifika kwa kinyozi pale mtaani, muziki uko juu, mashine tatu zinanguruma kwa wakati mmoja. Mashine ilipomgusa kisogoni tu, mtoto alipiga nduru ungedhani amechomwa na pasi. Akajirusha sakafuni, akaanza kupiga mateke. Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akaniambia, "Huyo mmemdekeza. Mshike."

Nikamshika. Mimi nilishika kichwa, jamaa mwingine akashika miguu, kinyozi akamaliza kazi yake. Nililipa, nikamnunulia mtoto soda, nikaona nimesuluhisha mambo kama mwanamume. Ile soda hakuigusa. Wiki nzima hakunisemesha, na kila nikinyoosha mkono kumsalimia alikuwa anarudi nyuma.

Nakwambia haya kwa sababu najua wewe pia umewahi kumwona mtoto kama huyo. Labda ni mdogo wako, labda ni mtoto wa jirani, labda ulikuwa wewe. Yule anayekataa sweta ya shule akidai inamuuma, na wewe unaona ni sweta tu kama zingine. Anayeziba masikio mathe akiwasha blenda. Anayegonga kila kiti akipita, na kumwaga chai kila siku ya Mungu. Anayejizungusha kama pia mpaka wewe unayemtazama ndiwe unayeshikwa na kizunguzungu, yeye hana habari. Anayetapika akipata donge moja kwa uji. Tuna majina ya kila aina ya watoto hawa: mtundu, mkaidi, mzembe, mdekezwa, kichwa ngumu. Shosho akiwa karibu utasikia pia kwamba ametupiwa jicho.

Leo nataka nikueleze juu ya mwanamke aliyetumia maisha yake yote kukataa majina hayo. Aliitwa Jean Ayres. Alifariki kabla wengi wetu hatujazaliwa, huko Marekani, na naweza kuweka dau kwamba hujawahi kulisikia jina lake. Mimi pia sikuwa nimelisikia.

Nililipata hospitalini. Miezi kadhaa baada ya ile siku ya kinyozi, mwalimu wa mpwa wangu alimwambia dadangu kwamba mtoto hashiki penseli vizuri, hawezi kufunga vifungo, na hakai kwenye kiti dakika mbili. Tukatumwa hospitali ya umma, tukazungushwa dirisha moja hadi lingine, mwishowe tukafikishwa kwenye chumba kidogo mwisho wa korido. Ndani mlikuwa na magodoro, tairi kuukuu, mpira mkubwa kama wa mazoezi na bembea ya kitambaa iliyoning'inizwa kwenye chuma. Dadangu akamwita mama aliyekuwa mle "daktari." Akajibu, "Mimi si daktari, mama. Mimi ni OT. Karibuni."

Hizo herufi mbili ndizo jina wanaloitwa hospitalini. Kwa Kiswahili tuseme ni mtaalamu wa tiba ya shughuli. Ukisikia jina lao kamili la Kiingereza unaweza kudhani ni watu wa kukutafutia kazi, maana lina neno hilo la kazi ndani yake. Lakini kazi inayosemwa hapo ni yale mambo yanayojaza siku ya mtu: kuoga, kuvaa, kula, kushika kalamu, kupika, kupanda matatu. Mtu akipatwa na kiharusi na mkono ukawa mzito, OT ndiye humfundisha tena kufunga shati. Na kazi ya mtoto ni gani? Ni kucheza. OT wa watoto basi ni mtu anayemtibu mtoto kwa kucheza naye, ndiyo maana anayepita mlangoni huona ni kama mtu mzima analipwa kwa kubembeza watoto.

Yule mama hakuuliza mtoto amefanya makosa gani. Aliuliza, "Anapenda nini?" Dadangu akafikiria, akasema anapenda kurushwa juu, kuning'inia kwenye mlango, na kujipenyeza chini ya godoro usiku. OT akatabasamu. "Basi mtoto anajua mwili wake unataka nini. Ni sisi hatujui." Kisha akatueleza kwamba mbinu aliyokuwa akitumia ilianzishwa na mwenzake mmoja Mmarekani, akataja jina. Nilipofika nyumbani nilitoa simu nikaanza kusoma. Nililala saa tisa usiku.

Anna Jean Ayres alizaliwa Julai 18, 1920, huko Visalia, California, kwa familia ya wakulima waliokuwa na shamba la miti ya njugu aina ya walnut. Alisomea tiba ya shughuli katika Chuo Kikuu cha Southern California, akapata shahada yake ya kwanza 1945, mwaka vita vya pili vya dunia vilipoisha. Shahada ya pili akaipata 1954. Ya udaktari, katika saikolojia ya elimu, 1961. Hesabu miaka hiyo. Ni kumi na sita kutoka ya kwanza hadi ya tatu, na katikati hapo alikuwa kazini na wagonjwa. Mimi niliyeacha chuo njiani nikaona nisome tena hiyo sehemu polepole. Baadaye akaenda kufanya utafiti kwenye taasisi ya ubongo ya chuo cha UCLA, kwa sababu aliona mikono ya mtoto haiwezi kueleweka bila kuelewa kichwa kinachoiongoza.

Swali lililomsumbua lilikuwa rahisi kulisema. Kuna watoto ambao macho yao yako sawa, masikio yako sawa, akili zipo, hawajapooza, hawana homa, lakini hawawezi kuandika, hawawezi kucheza na wenzao, na kila kitu kidogo kinawafanya walipuke. Watu wa wakati wake walikuwa na majibu mawili. Ama mtoto ni mvivu, ama mama amemlea vibaya. Yanakukumbusha kitu? Ndiyo majibu yale yale niliyopewa kwa kinyozi.

Ayres alitaka jibu la tatu. Alisema tatizo linaweza kuwa jinsi ubongo unavyopokea habari za mwili na kuzipanga. Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu, si ndiyo? Kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kugusa. Ayres aliweka mkazo kwenye mguso, pamoja na mingine miwili ambayo hatukufundishwa. Mmoja uko ndani ya sikio, na ndio unaokwambia uko wima au umeinama, unaenda mbele au unazunguka. Huo ndio unaovurugika ukishuka kwenye basi la safari ndefu na ardhi inaonekana bado inatembea. Wa pili uko kwenye misuli na viungo, na ndio unaokuwezesha kupeleka kijiko mdomoni gizani stima zikipotea. Huoni mkono wako, lakini unajua uko wapi.

Sasa fikiria mtoto ambaye habari hizo haziji sawasawa. Kwake mguso mwepesi, hata wa lebo ya shati, unafika kama hatari. Au ni kinyume, habari za misuli zinafika kwa sauti ya chini sana, kwa hivyo inabidi aruke, agonge, ajirushe, ndipo ausikie mwili wake. Ayres alifananisha hali hiyo na msongamano wa magari ndani ya ubongo. Wewe mkazi wa Nairobi hicho huhitaji kuelezewa. Unajua vile kunakuwa jioni mvua ikinyesha, matatu zimeziba kila upande na hakuna trafiki. Magari yapo, madereva wapo, barabara ipo. Hakuna kinachosonga.

Usidhani alikuwa anakisia tu. Alitengeneza vipimo, akawapima watoto, kisha akayachambua matokeo kwa hesabu za takwimu kuona ni matatizo gani huandamana. Mwaka 1963 wenzake walimpa heshima ya kutoa mhadhara wa Eleanor Clarke Slagle, ambao ndio mkubwa zaidi katika taaluma yao kule Marekani. Mwaka 1972 akatoa kitabu kwa wataalamu, na 1979 akatoa kingine, Sensory Integration and the Child, alichowaandikia wazazi. Hicho cha pili ndicho kinanifanya nimheshimu zaidi. Angeweza kubaki kwenye majarida ambayo mama wa kawaida hayasomi. Aliona mama ndiye yuko na mtoto siku nzima, basi mama ndiye wa kuelezwa.

Miaka hiyo ya 1970 alifungua pia kliniki yake mjini Torrance, California. Humo kulikuwa na bembea za aina aina na ubao wenye magurudumu ambao mtoto hulalia kwa tumbo na kuteleza nao kwenye mteremko. Ungedhani ni uwanja wa kuchezea. Lakini kulikuwa na kanuni. Mtoto ndiye huchagua, mtaalamu hufuata huku akipanga mazingira. Kazi isiwe rahisi mpaka mtoto aboeke, wala ngumu mpaka akate tamaa. Iwe pale katikati, ambapo akijaribu kidogo zaidi ataweza. Aliamini kila mtoto ana hamu ndani yake ya kukua, na kazi ya mtu mzima ni kuipa hiyo hamu nafasi.

Kuna jambo lingine la maisha yake lililonigusa kwa sababu linanihusu. Jean Ayres alikuwa shangazi. Alikuwa na mpwa aliyekuwa na matatizo haya haya, na alimwandikia barua kwa miaka, akimweleza mwili wake unavyofanya kazi na kwa nini mambo mengine yanamshinda. Barua hizo zilichapishwa kama kitabu mwaka 2004, miaka kumi na sita baada yake kufa. Hebu fikiria tofauti. Yeye alikuwa na mpwa, akaandika barua. Mimi nilikuwa na mpwa, nikamshika kichwa kwa nguvu.

Alifariki Desemba 16, 1988, kwa saratani, akiwa na umri wa miaka 68. Vipimo vyake vya mwisho, ambavyo alivifanyia kazi mpaka mwisho, vilichapishwa mwaka uliofuata.

Sasa, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna watu hawakukubaliana naye, na bado wapo. Akiwa hai alipingwa na wanasaikolojia, hata na baadhi ya wenzake katika taaluma. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri madaktari wasiufanye mvurugiko wa hisia kuwa ugonjwa unaojitegemea, na kikataka wazazi waambiwe kwamba utafiti kuhusu tiba hii bado ulikuwa mchache na haujatoa jibu la mwisho. Kwa upande mwingine, mwaka 2013 mwongozo ambao Wamarekani hutumia kutambua maradhi ya akili uliingiza jambo hili miongoni mwa dalili za usonji, yaani kuhisi sauti, mguso au mwanga kupita kiasi, au kutohisi vya kutosha. Kwa hivyo kwamba watoto hawa wapo hakuna ubishi tena. Ubishi uko kwenye jina la hali hiyo, na ni tiba gani inafanya kazi kwa nani.

Utaniuliza, basi kwa nini nikuombe umkumbuke mtu ambaye sayansi yake bado inajadiliwa? Kwa sababu kitu kikubwa alichotuachia, kwa maoni yangu, si bembea. Ni swali. Kabla yake mtu mzima alikuwa anamtazama mtoto anayelia na kuuliza, "Huyu ana shida gani ya tabia?" Yeye akauliza, "Huyu anahisi nini?" Hata kama kesho watafiti watapata tiba nyingine bora zaidi, hilo swali litabaki sahihi.

Na hapa kwetu hilo swali ni ghali kweli. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Katiba ya 2010 ikakataza ukatili na adhabu za kudhalilisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia, ikaweka na adhabu kwa mwalimu anayevunja. Lakini wewe na mimi tumesoma hapa hapa. Tunajua. Na mtoto anayechapwa mara nyingi zaidi darasani si yule mwovu. Ni yule anayeanguka na kiti, anayeandika mwandiko kama kuku amepita, anayemsukuma mwenzake kwenye foleni kwa sababu ameguswa nyuma ghafla. Tunamchapa kwa sababu ya jinsi neva zake zilivyo. Kisha akifika darasa la nane, ama siku hizi tuseme sekondari ya chini, akawa kweli mjeuri, tunasema, "Si tulisema?"

Sisemi kila mtoto msumbufu ana tatizo la hisia. Wengine wana njaa. Wengine hawasikii vizuri, wengine hawaoni ubao, wengine wanatoka kwa nyumba zenye vita kila usiku. Na wengine, tuwe wakweli, ni watundu tu kama sisi tulivyokuwa, na wanahitaji mzazi wa kusema hapana na kumaanisha. Lakini utajuaje ni yupi kama hujaangalia? Fimbo haipimi chochote.

Kuna wa kuwapima. Chuo cha mafunzo ya udaktari, KMTC, kinafundisha hawa OT hapa hapa nchini, na wanatoka kila mwaka wakiwa na vyeti. Vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum vilianzishwa tangu 1984. Kwa hivyo usiambiwe haya ni mambo ya wazungu. Shida ni kwamba wazazi wengi hawajui vipo, walimu wengi hawaelekezi, na mtaalamu mwenyewe mara nyingi amewekwa kwenye chumba cha mwisho cha korido, na vifaa alivyojinunulia. Yule aliyetuhudumia alituambia ile tairi aliipata kwa fundi wa pancha, bure. Nikauliza ile bembea je? Akacheka, akasema kitambaa ni leso mbili za mamake alizozishona pamoja.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kama ulikuwa unaitafuta. Wanasiasa wanakuja mtaani kupiga picha wakikabidhi viti vya magurudumu. Sipingi viti, vinahitajika. Lakini kiti unakikabidhi mara moja na kamera zikiwepo. Mtu wa kukaa na mtoto saa moja kila wiki, mwaka mzima, mpaka siku moja afunge kamba za viatu mwenyewe, huyo hana picha ya kupigwa. Ukienda kumwomba mwakilishi wa wadi wako barabara na taa, mwombe na huyo pia. Uliza zahanati ya karibu ina OT? Hospitali ya kaunti ndogo je? Uliza bajeti. Wakikuuliza OT ni nini, sasa unajua wa kueleza.

Tena kuna kiwanja. Mimi nilikulia Eastlands wakati bado kulikuwa na mahali pa kuchezea. Tulisukuma tairi kwa fimbo, tukaruka bladda na wasichana tukijifanya hatutaki, tukacheza kati, tukapanda miti, tukabiringika kwenye nyasi mpaka tukawashwa mwili mzima. Hakuna aliyetuambia kwamba kuruka na kubiringika kunaulisha ubongo. Leo pale palipokuwa na kiwanja kuna maghorofa na eneo la kuegesha magari, mtoto anakaa ghorofa ya nne na simu ya mamake kuanzia asubuhi hadi saa ya kulala. Siwezi kukuambia kwamba kiwanja kingemtibu mpwa wangu. Lakini mtoto anayehitaji kuruka mara mia kwa siku na hana pa kuruka, ataruka kitandani, ataruka darasani, na ataitwa mtundu kwa sababu tulimnyang'anya nyasi.

Ufanye nini basi wewe, kama una mtoto kama huyu nyumbani ama kwa jirani? Nitakupa machache tu, niliyoyaona kwa macho yangu. Kwanza, andika. Wiki moja, andika ni nini kilitokea kabla ya kila mlipuko: kelele? watu wengi? nguo mpya? Dadangu alifanya hivyo kwenye daftari la kurasa thelathini na mbili, na OT alisema lilimsaidia kuliko maelezo yote. Pili, mpeleke mtoto apimwe macho na masikio, halafu uulize OT yuko wapi. Usikubali kurudishwa na "atakua tu." Tatu, usimguse ghafla kutoka nyuma. Mwambie kwanza, kisha mguse kwa uthabiti, maana mkono unaoteleza juu juu ndio unaowasumbua wengi wao. Nne, usimfiche. Ukimfunga nyumbani kwa aibu umemnyima hata ule mchezo mdogo ambao angeupata bure.

Na ikiwa wewe ndiwe uliyekuwa mtoto huyo, ukachapwa, ukaitwa bure kabisa, na mpaka leo hauwezi kukaa kwenye mkahawa wenye kelele bila kichwa kuuma, nataka ujue kwamba kuna mtu aliwahi kukufikiria. Hakukujua jina. Alikaa kwenye chumba chenye bembea, miaka mingi iliyopita, akijaribu kuelewa kwa nini.

Mpwa wangu hajapona, kwa sababu hakuwa mgonjwa. Ana miaka minane sasa. Sweta ya shule bado ni vita, lakini dadangu alitoa lebo na kumvisha fulana ya pamba ndani, na anaivaa hadi saa nne angalau. Penseli anaishika. Anaandika jina lake kubwa, linapanda mlima, lakini linasomeka. Asubuhi kabla ya shule hubeba mtungi wa maji wa lita tano kutoka chini hadi juu, mara mbili, kwa sababu OT alisema kazi nzito humtuliza, na majirani wanadhani tunamtesa.

Nywele namnyoa mimi. Kwa mkasi, nyumbani, akiwa amekaa mbele ya dirisha. Kabla ya kuanza namwekea mikono miwili mabegani, nabonyeza vizuri, nahesabu hadi kumi. Kisha namuuliza, "Tuanze?" Siku zingine husema ndiyo. Siku zingine husema, "Kesho, anko," na mimi narudisha mkasi kabatini, tunangoja kesho. Mwezi uliopita ilichukua siku tatu, na upande mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine. Mwalimu hajalalamika bado.